Soazara na Karata za Baba

Kaka yangu Tovo alimleta mkewe kwetu Antsirabe, nyanda za juu, mwezi wa sita, wakati ambao hata sisi tuliozaliwa na baridi ile hutoka kitandani kwa kujilazimisha. Lori lake lilisimama mbele ya nyumba asubuhi, ukungu umelimeza hadi madirishani, na kutoka ndani ya ukungu ule akashuka mwanamke aliyejifunga shuka mbili na koti la Tovo juu yake, miguuni ndala. Jina lake Soazara. Alikuwa Msakalava wa Marovoay, huko chini kwenye joto na mashamba ya mpunga, na hakuwa amepata kuiona pumzi yake mwenyewe. Aliitoa, akaitazama inavyopotea, akaitoa tena. Nilipotoka kumpokea, kabla hata ya salamu akaniuliza:

"Wifi, hii huwa inaisha?"

"Inaisha mwezi wa tisa," nikamwambia.

"Si baridi. Nauliza pumzi. Mtu akikaa nje hivi hawezi kuimaliza yote?"

Sikujua kama anatania. Ilinichukua muda kujua kwamba Soazara alipotania uso wake ulitulia kabisa, kama maji ya mtungi.

Mama alikuwa jikoni. Mama yetu, Razanamalala, alikuwa amefundisha watoto wa kanisani tangu ujana wake, na alikuwa na sikio la kuchambua maneno kama wanawake wengine wanavyochambua mchele. Soazara akamsalimu kwa salamu ya kwao. Mama akaitikia kwa salamu ya kwetu, polepole, akiikata vipande, kama mtu anayemsahihisha mtoto bila kumwambia kwamba amekosea.

"Karibu, mtu wa pwani."

"Asante, Mama. Ila bahari nimeiona mara moja tu, tena nilikuwa mgongoni mwa mama."

Baba, aliyekuwa anakunywa maji ya ukoko karibu na moto, alikificha kicheko ndani ya kikombe.

Nyumbani kwetu Jumapili ilikuwa na sehemu mbili: kanisa, na karata za Baba. Karata hizo Baba alizitengeneza mwenyewe Tovo na mimi tulipokuwa wadogo, tumefungiwa ndani kwa surua, na mvua haikatiki. Alikata maboksi ya viatu, akachora herufi kwa brashi na wino mweusi, moja kila karata. A alizichora nyingi kuliko zote, maana lugha yetu bila A haipigi hatua. Kila mchezaji anagawiwa karata, anazificha, anaokota moja anatupa moja, mpaka apate neno la kulitandaza mezani. Neno likishatandazwa ni la wote. Ukiwa na herufi za kulirefusha, mbele au nyuma, unalirefusha, na maneno yetu hayachoki kurefushwa. Anayemaliza karata zake ndiye mshindi, na anayebaki na nyingi ndiye anayesugua sufuria la wali. Mwamuzi alikuwa Mama. Akisema neno hili silo, basi silo, unazirudisha karata mkononi na zamu yako imepita.

Jumapili ya kwanza Soazara alikaa upande wa dirishani, penye jua kidogo. Shule aliiacha darasa la tatu. Kusoma alikuwa anasoma, lakini kama mtu anayevuka mto kwa mawe, anaangalia pa kukanyaga. Alizishika karata zake karibu na uso, akaigeuza mojawapo juu chini, chini juu.

"Hii ni pembe," akasema.

"Hiyo ni V," Mama akasema.

"Naam, Mama. Pembe."

Tovo akamwinamia amnong'oneze. Mama akagonga meza kwa kidole.

"Mezani hapa hakuna mume wala mke. Mwache ajikwae mwenyewe."

Akajikwaa. Alitandaza neno la wali, akalipanga herufi zikapishana, akaambiwa azirudishe. Alitandaza neno lingine, Mama akamwambia hivyo ndivyo wanavyotamka kwao, si hivyo linavyoandikwa. Jioni ilipofika tulikuwa tumemaliza karata zetu sote, naye bado ameshika zake kama mtu aliyeshika kuku na hajui ampeleke wapi. Akalichukua sufuria akatoka nalo uani. Jumapili iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na ile iliyofuata.

"Wifi, nikusaidie?" nilimwuliza siku moja.

"Acha. Sufuria hili na mimi tumeshakuwa ndugu. Likitoboka mnipe pole."

Tulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na tangu siku yake ya pili pale Soazara ndiye aliyewakamua. Hakuna aliyemtuma. Alisikia mmoja akilia zizini kabla ya kucha, akatoka na shuka lake. Nikazoea kumfuata. Ndani ya zizi kulikuwa na joto zito la wanyama, na mvuke wa maziwa ulipanda ukachanganyika na pumzi zetu na za ng'ombe, hata usijue ipi ni ya nani. Katikati ya mvuke huo Soazara alinitaka nimtajie neno, naye alitaja herufi zake moja moja, kila mvuto wa chuchu herufi moja. Maziwa yakipiga ndoo, A. Yakipiga tena, N. Akikosea anasimama, ng'ombe anageuza kichwa kumtazama, naye anaanza tena.

Alizipa herufi sura zake. A ilikuwa paa la nyumba. O ilikuwa jicho la chemchemi ya maji moto. M ilikuwa milima ya upande wa magharibi tuliyoiona mlangoni mwa zizi ukungu ulipofunguka. Wakati mwingine aliandika kwa kidole ubavuni mwa ng'ombe, kwenye manyoya yaliyoshika umande, na neno lilikaa pale likining'inia mpaka mnyama ajitikise.

"Nimeota," aliniambia asubuhi moja, shavu lake liko ubavuni mwa ng'ombe. "Herufi zilikuwa zinarudi kutoka malishoni. Nyingi, wifi. Zinatembea polepole jinsi zinavyotembea ng'ombe wa baba yangu, vumbi jekundu linapanda. Mimi nimesimama langoni nazihesabu. Na zote zilikuwa zinanijua."

"Ukafanyaje?"

"Nikazifungulia. Ungefanyaje wewe?"

Mwezi wa nane, baridi ikiwa imeanza kulegea, alishindwa Jumapili moja kwa tofauti ya karata moja tu. Tovo alifurahi mpaka akakosa adabu, akapiga mluzi mezani. Mama nilimwona anamtazama Soazara mikononi.

Jumapili iliyofuata mvuke wa wali ulikuwa umejaa kwenye vioo vya dirisha na nyumba nzima ilikuwa kama imefungwa ndani ya pamba. Tulicheza kimya. Baba alikuwa ametulia kuliko kawaida yake, na kutulia kwa Baba mezani kulimaanisha anajenga kitu kikubwa. Ilipofika zamu ya Soazara, akazitandaza karata tano, moja baada ya nyingine, bila kusita. A, M, B, O, A. Akairudisha mikono yake mapajani.

"Amboa," akasoma.

Mama akalitazama neno lile kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Amboa ni nini?"

"Ni yule pale, Mama." Soazara akaelekeza kidevu mlangoni, ambako mbwa wetu mzee alikuwa amelala juu ya gunia.

"Yule pale ni alika. Humu ndani amezaliwa alika, ataondoka alika."

"Kwetu ni amboa."

"Kwenu wamwite hata diwani. Karata hizi zimechorwa Antsirabe. Zirudishe, mwanamke, zamu yako imepita."

Soazara hakubisha. Aliunyosha mkono kuziokota karata zake, taratibu, na uso wake ulikuwa umetulia, lakini safari hii hakuwa anatania. Niliona ncha ya kidole chake ikigusa A ya mwisho, ikabaki pale. Ndipo Baba akasema:

"Usiziondoe kwanza."

Baba hakuwa mtu wa kuingilia maamuzi ya Mama. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamwona akifanya hivyo. Alizitazama karata zake kwa muda, akavuta moja, akavuta nyingine, akavuta ya tatu, akaziweka nyuma ya neno la Soazara: D, I, A.

"Soma, mama Tovo."

Mama akasoma kimoyomoyo. Midomo yake ilicheza. Lilikuwa neno ambalo kila mtoto aliyepita mikononi mwake kanisani alilijua, yule mnyama anayejivika ngozi ya kondoo na ndani yake ni njaa tupu. Amboadia. Mbwamwitu.

"Basi kama amboa hayupo," Baba akasema kwa upole, "huyu wa mwituni mmemtoa wapi?"

Kuni ikapasuka jikoni. Mama akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shuka, akaivaa tena. Neno likabaki palepale.

"Haya," akasema mwishowe. "Nani anafuata?"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Baba na nilikuwa nimeziona karata zake. Herufi zile tatu alizitoa kwenye neno alilokuwa analijenga mchana kutwa. Diavolana, mbalamwezi. Ilikuwa imebaki herufi moja tu alitandaze, amalize kila kitu mkononi. Alishindwa Jumapili ile, akaenda uani kusugua sufuria, na Soazara alimfuata na maji ya moto. Nilisikia sauti zao kupitia ukuta, yake na ya Baba, wanacheka kitu nisichokijua mpaka leo.

Siku chache baadaye Mama alikuwa anapeta mchele, Soazara anachochea moto. Bila kuinua macho Mama akauliza:

"Na paka?"

"Piso."

"Piso," Mama akalionja. "Neno la mtu mvivu." Akapeta kidogo. "Na baridi?"

"Sisi tukisema baridi, Mama, tunasema upepo wa asubuhi. Hii yenu bado sijaipatia jina la kusema mbele ya wakwe."

Mama akaushika ungo usimwagike, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Tangu hapo wakawa hivyo. Mezani Mama alibaki mkali kama zamani, alimkatalia Soazara maneno mengi na mengine alimkatalia bila haki. Lakini jikoni alimwuliza, na neno likishaulizwa jikoni, Jumapili lilipita bila kikwazo. Mvua zilipoanza Soazara alikuwa ameshinda mara ya kwanza. Tovo alisugua sufuria huku anaimba.

Mwezi wa tatu dereva mwenzake Tovo akaleta habari kutoka Marovoay kwamba mama yake Soazara, Bi Tombosoa, miguu imemvimba, hasimami, na aliyebaki naye ni mdogo wake Soazara tu, Echa. Soazara akaondoka kesho yake. Alisema atarudi mgonjwa akisimama.

Sikujua mtu mmoja anaweza kuondoka na sauti nyingi hivyo. Ng'ombe waligoma. Baba aliwakamua, wakabana maziwa, wakamgeuzia vichwa kana kwamba anapaswa kusema kitu.

"Wamezoea kusomewa," Baba akasema, akarudi na ndoo nusu.

Jumapili karata zilikaa mezani, hakuna aliyezigawa. Mama alisema macho yanamsumbua. Jumapili nyingine alisema kichwa. Mwezi wa nne ukapita wote. Tovo alikuwa akishuka Marovoay kila lori lilipompeleka, na kila aliporudi alikuwa amepungua.

"Anasemaje?" Mama akamwuliza.

"Hasemi. Mama yake hasimami bado. Nikimwuliza utarudi lini ananiwekea chakula."

Mama akamtazama mwanawe akila, polepole, kama kibarua anayelipwa kwa kila kijiko.

"Lori lako lina nafasi ya watu wangapi mbele?"

"Watatu, na dereva. Kwani?"

"Nimeuliza lori, sijauliza kwani."

Mama yetu hakuwa amewahi kushuka kutoka nyanda za juu. Nilikaa katikati yake na Tovo. Tulipoondoka alikuwa amevaa sweta mbili, koti, na shuka la kwenda kanisani. Barabara iliposhuka akavua koti. Vilima vikawa vitupu na vyekundu, akavua sweta. Mchana wa pili, mto mkubwa umetandaa pembeni mwetu kama udongo uliojifunza kutembea, Mama alikuwa amebaki na blauzi, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo, na uso wake umelainika kwa joto mpaka nilimwona alivyokuwa msichana. Alikuwa kama hayupo nasi. Aliangalia makundi ya ng'ombe yanavyovuka kwenye vumbi jekundu, na aliangalia muda mrefu.

"Ni wengi kweli, kama Soazara alivyonisimulia," akasema.

Soazara alikuwa uani anaanika mpunga tulipofika. Akamwona Mama akishushwa kwenye lori, akasimama.

"Mama. Umepotea njia?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa. Niletee maji kabla sijawa mgonjwa wa pili."

Bi Tombosoa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini. Walisalimiana, kila mmoja kwa salamu yake, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Pembeni, juu ya mkeka, niliona vipande vya boksi la biskuti vimekatwa sawasawa na kuchorwa herufi kwa mkaa. Soazara alikuwa amemfundisha Echa. Mwamuzi wao alikuwa mgonjwa mwenyewe, asiyejua kusoma hata kidogo. Unatandaza, unamsomea, naye anafumba macho anasikiliza.

Alasiri ile tulicheza, kwa sababu hakuna aliyejua namna nyingine ya kuanza. Upepo ulipita kwenye majani ya paa, kuku walilala kivulini, na jasho lilinishika nikawa nazisikia sauti kama zinatoka chini ya maji. Mama akatandaza neno.

"Saka," akasoma.

Bi Tombosoa akafumba macho.

"Saka," akarudia. "Echa, unamfahamu?"

"Simfahamu, Mama."

"Ni paka," Mama akasema.

"Paka ni piso, mkwe. Huyo wako labda hajashuka huku."

"Saka ni paka dunia nzima."

"Basi dunia nzima haijafika Marovoay. Rudisha, mkwe wangu, zamu yako imepita."

Nikamtazama Mama. Tovo akatazama paa. Mama akazikusanya karata zake za mkaa moja moja, vidole vimemchafuka, na mara akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukizoea, cha kifua kizima, mpaka machozi. Bi Tombosoa naye akacheka bila kujua anachochekea. Soazara hakucheka. Alikuwa anawatazama wote wawili kwa zamu, kama mtu aliyeamka akakuta alichokiota bado kipo chumbani. Mama ndiye aliyesugua sufuria jioni ile. Alikataa kusaidiwa.

Wiki mbili za kwanza zilipita, na Mama hakumwambia Soazara rudi. Alipika, alianika mpunga, alikaa ukingoni mwa kitanda cha Bi Tombosoa akimkanda miguu. Bi Tombosoa ndiye aliyeanza.

"Umekuja kumchukua."

"Nimekuja kukuona."

"Unajua kusema uongo vizuri, mkwe. Lakini nikimwachia, nabaki na miguu hii na Echa, na Echa naye anaolewa baada ya mavuno."

Mama akaendelea kukanda.

"Kwetu kuna maji yanayotoka ardhini yanachemka," akasema. "Watu wanatoka mbali kuja kuloweka miguu. Wengine wanaingia wamebebwa."

"Na kutoka?"

"Wengine wanatoka wamebebwa. Sikudanganyi. Lakini wengine wanatembea. Lori la mwanangu linapanda tupu Alhamisi."

Bi Tombosoa akakitazama kivuli cha nyumba mpaka kikafika kwenye mkeka.

"Huko kuna baridi," akasema.

"Ipo."

"Soazara aliniambia mtu anaiona pumzi yake."

"Utaiona. Haina madhara."

Alhamisi ile tuliiacha ipite, tukasubiri mavuno yaishe na harusi ya Echa, kisha tukapanda mwanzoni mwa mwezi wa sita, Bi Tombosoa amelazwa nyuma juu ya magunia ya mpunga, amefunikwa, Soazara na Mama kila mmoja upande wake kama wanalinda mzigo wa shaba. Mimi nilikaa mbele na Tovo, aliyeendesha polepole kuliko siku zote, na kila kilima tulichokipanda kilituongezea baridi kidogo.

Tulikaribia Antsirabe alfajiri. Tovo alisimamisha lori injini ipoe, nikashuka nikaenda nyuma. Jua lilikuwa halijatoka bado, ila mwanga ulikuwepo, na mashamba pande zote mbili yalikuwa meupe, kila jani limevikwa barafu nyembamba. Bi Tombosoa alikuwa ameinuka kwa viwiko. Soazara akamshika mgongo, na Mama akavua shuka lake la kanisani akamzungushia. Mgonjwa akaunyosha mkono, akachuma jani moja la tawi lililoegemea lori, akaliangalia linavyomyeyukia kidoleni.

"Hiki ni nini?"

"Fanala," Mama akasema.

Bi Tombosoa akafumba macho, jinsi alivyokuwa anafanya, akasikiliza.

"Hatuna neno la hicho kwetu."

"Chukua letu, mkwe," Mama akasema, akimfunika vizuri miguuni. "Kila mwaka linatubakia."